Naomba ushauri: Namna ya kuandaa mpango na nyaraka za kuhamishia matawi kwenye OSPF

KijanaWaMoro (mwanzisha uzi):
Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Ninasimamia mtandao wa taasisi ya mikopo midogo yenye makao makuu Morogoro na matawi Kilosa, Mikumi, Ifakara na Mahenge. Mpaka sasa kila ruta inafuata njia zilizoandikwa kwa mkono, hivyo kiungo kikikatika ni lazima mtu aingie kwenye ruta abadilishe njia mwenyewe huku wateja wakisubiri kwenye foleni. Uongozi umekubali tuhamie OSPF, itifaki inayoziwezesha ruta kujulishana njia na kuzibadilisha zenyewe, lakini meneja anataka kwanza apewe mpango wa utekelezaji, mchoro wa mtandao na jedwali la anwani. Sijawahi kuandaa nyaraka za namna hiyo. Nianzie wapi?

MzeeWaRuta:
Ndugu yangu, anza na mtandao ulivyo leo. Ingia kwenye kila ruta, hifadhi nakala ya usanidi na jedwali la njia, kisha uandike kwa kila mlango: anwani yake, kifaa kilicho upande wa pili, na namba ya laini uliyopewa na mtoa huduma. Namba hiyo wengi huisahau, na ndiyo utakayoulizwa kwanza utakapopiga simu usiku. Katika mpango wenyewe, taja namba ya utambulisho ya kila ruta, na ueleze ni milango ipi ya upande wa ofisi ambako OSPF haitatuma salamu (ujumbe wa kutafuta ruta jirani). Kwa ukubwa huo eneo 0, yaani eneo kuu la OSPF, pekee linatosha. Je, kila tawi lina mtandao wake wa anwani usiogongana na mwingine?

Dada_Seva:
Mimi nasisitiza nidhamu ya kutangaza njia. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom ilitangaza 208.65.153.0/24, iliyokuwa ndani ya 208.65.152.0/22 ya YouTube. Ruta hufuata njia yenye mtandao mwembamba zaidi (/24 ni finyu kuliko /22), hivyo kwa takriban saa mbili watu wengi duniani hawakuipata YouTube. Agizo lilikuwa la kuifunga ndani ya Pakistan tu, lakini mtoa huduma wao wa juu hakuchuja tangazo hilo. Mhandisi anayetangaza njia asiyoimiliki anawaumiza watu asiowajua.

KijanaWaMoro:
Ahsante, dada, ingawa sisi hatutumii BGP, itifaki ya kutangaziana njia kati ya mitandao ya watoa huduma kama hao. Mzee, anwani ziko sawa kwa sehemu kubwa. Nilichotaka hasa ni mfano wa mpangilio wa andiko.

MzeeWaRuta:
"Kwa sehemu kubwa" haiingii kwenye jedwali la anwani. Ziandike hapa.

KijanaWaMoro:
Kilosa ni 10.20.2.0/24 na Mikumi ni 10.20.3.0/24. Ifakara na Mahenge yalikuja kutoka taasisi tuliyoungana nayo, na yote mawili yanatumia 192.168.1.0/24. Mahenge inafika Morogoro kwa anwani zake kutafsiriwa kwenye ruta yake kuwa 10.20.5.0/24, na mpango huo unafanya kazi vizuri. Kuzibadilisha ni kazi kubwa, kwa kuwa printa na kompyuta za madirisha ya malipo zimewekewa anwani kwa mkono. Zaidi ya hayo, matawi yamekwisha kutangaziwa kwamba tutahama Jumamosi hii usiku.

MzeeWaRuta:
Basi hilo ndilo liwe ukurasa wa kwanza wa andiko lako. Ruta zote mbili zikitangaza 192.168.1.0/24, Morogoro itachagua yenye gharama ndogo (namba ambayo OSPF huipa kila njia), na gharama zikilingana itazigawa pakiti kati ya Ifakara na Mahenge, kama barua zinazopelekwa kwenye nyumba mbili zenye namba moja. Ama ubadilishe anwani za Mahenge, ama mtandao wake wa ndani usiingie kabisa kwenye OSPF na itangazwe 10.20.5.0/24 peke yake. Ukichagua la pili, liandike kama deni, na utaje nani atalilipa na lini.

Kuhusu Jumamosi, usiondoe njia za mkono kwa pamoja. Kwenye ruta za Cisco na MikroTik njia ya mkono ina umbali (namba ya kiwango cha kuaminiwa) wa 1 na ya OSPF 110, na iliyo ndogo ndiyo inayotumika. Kwa hiyo unaweza kuwasha OSPF, ukalinganisha ilichojifunza na jedwali lako, kisha ukaondoa njia za mkono tawi moja baada ya jingine. Ikiharibika, unairudisha ile uliyoiondoa. Amri ya kuirudisha iwe imeandikwa tayari.

Mhakiki:
Samahani, sina hakika kwamba taasisi hii ipo. Matawi manne, anwani zinazogongana, mchoro, jedwali, mpango wa kurudi nyuma: nimesahihisha kazi nyingi za chuo zenye mambo hayo hayo. Kama ni kazi ya darasani, mwenzetu aseme.

Dada_Seva:
Hata akiwa mwanafunzi, majibu yatawafaa wengine. Ila ukweli ni haki ya wanaomsaidia.

KijanaWaMoro:
Sikutaja jina kwa kuwa ni taasisi ya fedha. Jana usiku niliwasha OSPF kati ya Morogoro na Kilosa, kwenye handaki la GRE (linalobeba pakiti ndani ya pakiti nyingine). Ruta zinaonana, lakini zimekwama kwenye hatua ya ExStart, yaani mwanzo wa kubadilishana taarifa, mpaka sasa. Kazi ya darasani isingeninyima usingizi hivi.

Mhakiki:
Hapo nakuamini, ingawa kumbe umeanza kabla ya andiko kukubaliwa. Linganisha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) pande zote mbili. GRE huchukua baiti 24, hivyo juu ya kiungo cha 1500 handaki hubaki na 1476. Upande mmoja ukiwekewa namba tofauti kwa mkono, ruta hazitabadilishana orodha zao.

KijanaWaMoro:
Morogoro ilikuwa 1476 na Kilosa 1400. Nimeweka 1400 pande zote, na sasa hali ni Full, yaani zimekamilisha kubadilishana. Nilianza mapema ili nisiandike mpango wa kubahatisha. Jumamosi tutahamisha Kilosa na Mikumi tu. Ifakara na Mahenge yatabaki kwenye njia za mkono, na meneja nitamweleza kesho asubuhi.

MzeeWaRuta:
Andika hiyo 1400 kwenye jedwali usiku huu, pamoja na tarehe na sababu. Kisha utuwekee hapa mchoro, ukiwa umefuta anwani za nje, tuupitie kabla ya Jumamosi.