Yah: Laptopu ya mtumba inadai ruhusa ya aliyeniuzia

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Naomba msaada wa haraka. Mwaka jana nilinunua laptopu kwa kaka mmoja wa Mombasa niliyekuwa nikisali naye hapa Leicester, siku chache kabla hajarudi nyumbani moja kwa moja. Alinifungulia akaunti yangu, nikaitumia bila shida. Juzi chuo kimetaka tuweke programu ya kufanyia mtihani. Nikibofya, kioo kinafifia, kinatokea kisanduku cha kuweka neno la siri, na jina lililoandikwa pale ni la yule kaka, si langu. Jana usiku nikafuata video moja: washa upya huku umeshikilia Shift, kisha ufungue dirisha jeusi la amri. Ikaja skrini ya bluu inayodai tarakimu 48. Nikaogopa, nikazima. Leo imewaka kawaida, lakini mtihani ni wiki ijayo na kazi zangu zote za mwaka zimo humo.

Dada yenu, Leicester

---

Pole dada. Mimi ningefomati tu. Hamisha faili zako, weka Windows mpya kwa fulashi, mambo yaishe.

Coventry

---

Dada, usifomati kwanza. Ndugu yangu wa Coventry hajakosea, ila wiki ya mtihani si wiki ya kusaka upya programu zote. Isitoshe, hakuna kilichoharibika. Kompyuta inamjua mwenye nyumba mmoja, na wewe inakuhesabu mpangaji. Kwenye Windows, aliyeiandaa mara ya kwanza ndiye msimamizi. Wanaoongezwa baadaye huwa watumiaji wa kawaida mpaka yeye awapandishe cheo.

Hizo tarakimu 48 ndizo zilizonifanya nikae chini kukuandikia. Laptopu nyingi za Windows 10 na 11 hufunga diski kwa msimbo zenyewe, kimya kimya, msimamizi anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wake, yaani hizo tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti yake huyo msimamizi. Maana yake ufunguo wa diski yako hivi sasa uko Mombasa. Siku ubao mama ukibadilishwa, au kompyuta ikishindwa kuwaka vizuri, itaudai, na pasipo huo hakuna fundi wa Glasgow wala wa Kariakoo atakayekutolea hata picha moja. Ndiyo maana hizo video za mbinu za mkato sizipendi: zinakusukuma kwenye mlango huohuo uliofungwa.

Mpigie simu. Usimwombe neno la siri la akaunti yake, maana hilo linafungua na barua pepe zake. Mwombe PIN aliyokuwa akiwashia laptopu. PIN ya Windows inafanya kazi kwenye mashine hiyo peke yake, haimfungulii mtu kitu kingine mahali pengine. Ukishaipata, ingia kwa jina lake, nenda Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Watumiaji wengine, gusa jina lako, badilisha aina ya akaunti iwe ya msimamizi. Toka, washa upya, ingia kwa jina lako.

Akiwa ameisahau, itabidi abadilishe neno la siri akiwa hukohuko, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa kuwa msimbo wa uthibitisho unatumwa kwenye laini ya Uingereza iliyokwisha kukatwa. Ukibadilisha taarifa zote za usalama kwa mpigo, Microsoft wanakusubirisha siku 30. Mnaojiandaa kurudi nyumbani, tafadhali, badilisheni namba kabla hamjapanda ndege. Ikifikia huko, dada, hamisha faili zako na ufuate ushauri wa Coventry.

Ukifanikiwa, usiifute akaunti yake hapohapo. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

manage-bde -protectors -get C:

Zitatokea tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu 6. Ziandike kwa kalamu kwenye karatasi, uiweke pamoja na pasipoti. Kisha chukua kikokotoo: kila kundi lazima ligawanyike kwa 11 bila baki. Lisipogawanyika, umenakili vibaya.

Na usitafute namba ya simu ya msaada mtandaoni ukaipiga tu. Matapeli wamejaa huko. Anayekupigia mwenyewe akidai anatoka Microsoft, kata simu.

Kaka yako, Glasgow

---

Kaka, Mungu akubariki. Nilimpigia jana saa 12 jioni, kwao saa 3 usiku. Mwanzoni alisema PIN imemtoka kabisa kichwani. Halafu akanyamaza, akaomba laptopu ya mwanawe, akaweka vidole juu ya tarakimu akaviacha viende vyenyewe. Akanisomea nne. Nilipoziweka, ikafunguka.

Sasa jina langu limeandikwa Msimamizi. Programu ya chuo imeingia, nimefanya na jaribio lake. Tarakimu 48 nimeziandika. Kundi la tatu lilikataa kugawanyika kwa 11, nikarudi kwenye skrini nikakuta nimeandika 1 mahali pa 7. Nisingejua kamwe.

Jambo moja zaidi. Kwenye akaunti yake nimekuta folda ya picha za harusi ya dada yake. Nilipomwambia alishtuka, alidhani zilipotea na simu yake ya zamani. Nimeanza kumtumia, zinapanda polepole, intaneti yangu si kali. Akinithibitishia kuwa zote zimefika na zinafunguka, ndipo nitakapoifuta akaunti yake.

Leicester