Nyumba ya bibi Ngamiani, fundi anataka rangi na taizi zote Jumamosi na mi sijui bado nataka nini. Naombeni ushauri

Bi_Mikanjuni

Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Naombeni ushauri hasa mliowahi kukarabati nyumba za zamani huku kwetu Tanga maana nimefika pahala sijielewi, sijui mi ndo mkorofi au vipi.

Kifupi (kifupi chenyewe kirefu mtanisamehe). Mume wangu kaachiwa nyumba na bibi yake, iko Ngamiani kwenye zile barabara za namba, nyumba ya siku nyingi kweli, kuta nene za mawe na chokaa, vyumba vinne na ukumbi katikati unaotokea uani, mbele baraza. Tumeanza toka mwezi wa 9, bati limebadilishwa, choo kimesogezwa ndani, ukuta mmoja wa uani tumevunja tukajenga upya kwa tofali na umepigwa plasta wiki iliyopita. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Sasa tumefika kwenye finishingi ndo vita imeanza.

Fundi mkuu anasema Jumamosi hii kuna fuso linapandisha mzigo kutoka Dar kwa hiyo anataka nimpe rangi za vyumba vyote, taizi za nyumba nzima, muundo wa jipsamu ya dari, hadi rangi ya mapazia (mapazia yanamhusu nini fundi??). Mume wangu yuko upande wake maana kodi ya hapa tunapokaa inaisha na anataka Ramadhani itukute kwetu. Mawifi nao wamefungua grupu la WhatsApp, kwa siku napokea picha hata arobaini za sebule za Dubai, dari lina maduara matatu na taa za bluu zinazunguka.

Mimi nyumba yenyewe nimelala humo usiku mmoja tu, umeme haujarudi, sijui saa 10 jioni jua linaingia chumba gani, sijui upepo unapita wapi, sijui hata kama tutakuwa tunakaa ukumbini au barazani. Afu kuna sakafu, ni ile ya saruji nyekundu ya kizamani, juzi nikapiga deki kipande kidogo pale mlangoni kwa bibi, jamani ikang'aa, nikachuchumaa pale naiangalia kama mwehu. Fundi anasema usihangaike nayo inafunikwa na taizi.

Nataka niseme tuhamie na kuta nyeupe, tukae kwanza miezi kadhaa ndo niamue. Mume akiniambia ngoja ngoja huumiza matumbo namjibu haraka haraka haina baraka, mama mkwe katusikiliza weee akasema methali hazipaki rangi. Kuna aliyewahi kuhamia hivyo hivyo asijute?

kibao_kata

Taa za bluu zinazunguka 😂😂 wifi zako na wa kwangu watakuwa wamesoma darasa moja

mama_pacha

Dada yangu subiri, tena subiri kwelikweli, nikusimulie yangu. Mwaka tuliohamia hapa Sahare niliona hoteli moja ina ukuta wa damu ya mzee na makochi ya krimu nikachanganyikiwa, nikapiga picha, nikampelekea fundi nikamwambia hii hii usiniletee nyingine. Kumbe ile hoteli ina madirisha upande mzima na dari liko juu huko, kwangu mimi sebule ina dirisha moja linatazama ukuta wa jirani. Ilivyokauka nilikaa mle ndani nikahisi nimemezwa na nyangumi. Mchana saa 7 tunawasha taa. Na kuifunika tena usione mchezo, rangi nzito ile mkono mmoja wa nyeupe ilikuwa inachungulia, wa pili inachungulia, tumeenda mikono minne, na fundi kila mkono anataka chake.

Sikuhizi nafanya hivi, nanunua kopo dogo kabisa la rangi ninayoifikiria, napaka kipande cha silingibodi kikubwa kama trei mbili za chai, mikono miwili kama ukuta, kikikauka nakiegemeza ukutani. Asubuhi nakiangalia, mchana, usiku, nakihamisha ukuta mwingine, nakisogeza karibu na sakafu. Wiki nzima. Ukishapaka vipande vitatu vinne utashangaa ile uliyokuwa unaililia dukani ndo ya kwanza kuitupa. Ile karata ndogo ya dukani hata usiihangaikie, unaichagulia chini ya taa za duka.

Na taa zenyewe muhimu! Balbu nyingi tunazouziwa zimeandikwa 6500K, mwanga wake mweupe unaenda kwenye ubluu, krimu yako inakuwa kama maziwa yaliyochacha. Tafuta ya 3000K hivi, mwanga wake wa manjano manjano, uijaribu na kipande chako kabla hujamlaumu fundi.

FundiRangi_Makorora

Nimesoma nikacheka maana mafundi kila siku sisi ndo wabaya. Ngoja niseme na upande wetu kidogo. Mteja anayesema "ntaamua baadaye" sisi anatuua, umeshafunga kibarua, vijana wawili wanakusubiri, umekataa kazi ya Pongwe kwa ajili yake, ukifika saiti hajajua. Kwa hiyo fundi wako anavyokuharakisha siyo lazima anakuibia, anataka kazi ifungwe ahamie nyingine. Lakini na yeye amechanganya mambo, kakuwekea yasiyosubiri na yanayosubiri kapu moja.

Yasiyosubiri ni yale yanayoingia ndani ya ukuta na chini ya sakafu. Mabomba ya waya, soketi, swichi, maji, mteremko wa bafuni, feni itaning'inia wapi. Hayo ukisema utaamua baada ya miezi sita ina maana utachimbua ukuta uliokwisha, na ukuta wa mawe wa zamani kuchimba siyo kama tofali, unaweza kupiga patasi jiwe zima likatoka likakuachia shimo la kichwa. Kwa hiyo hapo usimzungushe mtu, kesho chukua chaki nenda na mumeo mchore sakafuni, kitanda hapa, friji hapa, TV hapa, pasi tunapigia hapa, afu soketi zifuate. Weka na za ziada, hakuna mteja aliyewahi kuniita kulalamika soketi zimezidi.

Rangi haina haraka hiyo. Na huo ukuta mpya wa tofali hata ungetaka kuupaka Jumamosi ningekukatalia, plasta ya saruji iache siku 28, na hapa kwetu na unyevu wa bahari ukiipa zaidi haikudai kitu. Ukiwahi, rangi inavimba malengelenge au ukuta unatoa chumvi ile nyeupe kama unga. Kupima ni rahisi, bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pembeni zote na selotepu, kikae siku nzima. Ukikuta ndani kuna jasho ukuta bado mbichi.

Bi_Mikanjuni

Fundi ubarikiwe, hilo la kapu moja hakuna aliyenieleza hivyo. Soketi kweli tulikuwa tumemwachia fundi umeme "aweke kawaida" 🙈

mwana_wa_duga

Mi ntakuwa tofauti na wenzangu. Sisi tulisema hivyo hivyo, tuhamie tutamalizia taratibu. Huu mwaka wa 6. Sebule plasta, koridoo plasta, chumba cha watoto kina rangi nusu maana ndoo iliishia pale. Ukishahamia, ile hela ya rangi ndo inakuwa ada, ndo inakuwa msiba, ndo inakuwa tairi la bodaboda, na macho yanazoea, mgeni akija ndo unakumbuka kumbe ukuta haujapakwa. Sikukatazi dada ila hela ya taizi na rangi ikae pahala ambapo wewe na mumeo wote hamuwezi kuigusa bila mwenzie kujua. La sivyo utakuja kutuambia humu.

kibao_kata

Chumba kina rangi nusu 😂 nusu gani, ya juu au ya chini

mwana_wa_duga

@kibao_kata ya chini bana, vijana hawakuwa na ngazi

Mzee_wa_Chumbageni

Mwanangu, mimi nimezaliwa nyumba kama hiyo, tena babu yangu ndiye aliyekuwa akiipaka kila ikikaribia Ramadhani. Hapo hapakuwa na swali la rangi gani, ilikuwa chokaa, unailoweka pipani, unaichuja, watu walikuwa wanatia na chumvi kidogo ishike. Kuta za mawe na chokaa zinapumua. Zinavuta unyevu kutoka ardhini na zinautoa, masika ukuta unakuwa na weusi kule chini na kiangazi unakauka wenyewe. Watu wanakuja wanaziba kwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta, maji yanakosa pa kutokea, baada ya muda plasta inaachia vipande vipande kama mkate uliokauka. Kwa hiyo kabla ya rangi muulize fundi wako hizo kuta za zamani anataka kuzipiga nini. Akisema saruji mkalishe chini.

La pili ni jua. Sasa hivi mwezi wa 1 jua la mchana liko upande wa kusini mwa nyumba. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba linahamia upande wa kaskazini. Kwa hiyo chumba unachokiona leo kina giza, mwezi wa 6 si hicho. Na upepo ni hivyo hivyo, leo ni kaskazi, mwezi wa 4 kusi linaingia na mvua yake, ndo utajua dirisha gani linavujisha na baraza inapigwa maji mpaka wapi. Mtu asiyekaa kwenye nyumba masika moja hajaijua hiyo nyumba.

Sakafu nyekundu usiiguse. Sugua kwa maji, ikauke, polishi nyekundu, halafu kumbi la nazi lililokatwa nusu, unasugua kwa mguu. Bibi zenu ndivyo walivyokuwa wakifanya.

Bi_Mikanjuni

Shikamoo mzee wangu. Nimemsomea mume wangu hii ya sakafu akanyamaza, baadaye akasema ni kweli bibi alikuwa anawatandika wakipita na viatu. Sikujua.

FundiRangi_Makorora

Mzee shikamoo, yote sahihi, naongezea moja tu. Dada ukipiga chokaa sasa, ikija siku unataka rangi ya maji haishiki juu ya chokaa hivi hivi, lazima ikwanguliwe, ipigwe brashi ya waya, ifutwe vumbi, ipigwe praima, vinginevyo inabanduka magamba. Na chokaa ukiegemea inakuachia alama mgongoni, suti ya Idi uiage. Ila kwa kuta zako za zamani na mimi ningeanza na chokaa. Ule mpya wa tofali uache plasta tupu mpaka ukauke.

shangazi_taizi

Mi nauza taizi nisizungumzie rangi. Fuso la Jumamosi siyo la mwisho duniani, mafuso yanapanda kila siku. Kama kuna pa kuweka taizi sasa ni choo na bafu na jikoni, hapo huwezi kuhamia bila, na chagua zenye mkwaruzo siyo zile za kioo, ukimwaga maji ya kuogea kwenye kioo mama mkwe atavunjika kiuno. Barazani pia usiweke za kuteleza, mvua ikipiga pale ni uwanja wa barafu.

Hesabu ni hivi, taizi za 60 kwa 60 boksi lina 4, ni mita za mraba 1.44. Jiko lako tuseme ni mita 4 kwa 5, hiyo 20, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika inakuwa 22, gawa kwa 1.44 unapata 15 na ushee, nunua 16. Nunua zote siku moja na uangalie namba ya toleo kwenye maboksi ifanane, maana ukirudi baada ya miezi sita kuongeza mbili, rangi ile ile jina lile lile, zinakuja na wekundu kidogo na utaziona kila siku mpaka unakufa. Mabaki usiyatupe, weka chini ya kitanda.

kibao_kata

Hii nyuzi imenifanya niangalie dari langu vibaya. Nina maduara mawili

mama_pacha

@kibao_kata na taa zinazunguka?

kibao_kata

Moja iliungua. Inazunguka nusu

Bi_Mikanjuni

Jamani asanteni mno, nawapa mrejesho kwa kifupi maana wengine mmeniingia inbox.

Jana jioni tumeenda na chaki. Tumebishana saa nzima kitanda kiangalie wapi, ikaonekana pale alipotaka mume mlango wa kabati usingefunguka, tukacheka tukahama. Soketi zimeongezeka saba. Fundi umeme kanuna kidogo ila kasema afadhali sasa. Fundi mkuu tumemwambia Jumamosi alete taizi za choo na jiko tu, jipsamu hatutaki kwa sasa. Hakufurahi, mume ndo kaongea naye sio mimi, sijui walichoambizana ila kesho anakuja kazini.

Kuta za zamani chokaa. Ule mpya nimebandika nailoni leo asubuhi, saa hizi una jasho kama mtu aliyetoka sokoni. Hela ya rangi tumeiweka kwa mama mkwe (mwana_wa_duga ulinitisha), yeye kasema anairudisha Mfungo Sita kabla ya Maulidi na akija mtu kuiomba mapema hata akiwa mwanawe atamwambia imeliwa na panya.

Mawifi bado. Leo wametuma dari lenye nyota.

Ila mzee wangu wa Chumbageni nina swali, kumbi la nazi linasuguliwa sakafu ikiwa na polishi mbichi au ikishakauka? Maana nimejaribu kile kipande cha mlangoni na sasa hivi nina mguu mwekundu mpaka kwenye kifundo na hautoki.