Je, Michael Corleone aliilinda familia yake au aliiangamiza?

Mkazi wa Tandika:
Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Jumamosi iliyopita nilitazama tena sehemu ya kwanza ya filamu ya The Godfather, ile ya 1972 iliyoongozwa na Francis Ford Coppola, nikiwa na mdogo wangu wa kidato cha sita. Ilipokwisha alisema kwamba Michael, yule mwana anayerithi uongozi wa genge la baba yake, hana kosa, kwa kuwa kila alilotenda alilitenda kwa ajili ya familia, na kwamba hata kwetu mtu hawezi kuwatupa nduguze. Nilitaka kumpinga nikakosa hoja, kwa sababu nami nimelelewa nikiamini kwamba damu ni nzito kuliko maji. Je, filamu hizi za magenge zinausifu uaminifu kwa familia, au zinatuonyesha unavyogeuzwa kuwa kisingizio? Nauliza kwa dhati, maana kijana huyu ninamlea mwenyewe tangu wazazi wetu walipofariki.

Binti Upanga:
Kaka, mrudishe mdogo wako kwenye tukio la ubatizo. Michael anasimama kanisani kama msimamizi wa mtoto wa dada yake Connie, padri anamuuliza kama anamkataa Shetani, anajibu kwamba anamkataa, na wakati huohuo watu wake wanawaua wakuu wa magenge hasimu. Wengi hukumbuka mauaji hayo wakasahau linalofuata: baada ya ibada hiyo, Carlo, baba mzazi wa mtoto yule, ananyongwa ndani ya gari kwa amri ya Michael. Ni kweli kwamba Carlo alikuwa amemsaliti Sonny, kaka mkubwa wa nyumba ile, mpaka akauawa. Hata hivyo, litazame jambo hili kwa macho ya kwetu, ambako mjomba ndiye anayekimbiliwa baba anapokosekana. Hapa mjomba amekubali mbele ya madhabahu kumsimamia mpwa wake, kisha yeye mwenyewe akamfanya yatima. Tukio hilo hunitia simanzi zaidi nikikumbuka kwamba kichanga kile kilikuwa Sofia, binti wa Coppola.

Katika sehemu ya pili, ya 1974, Michael anaamuru Fredo, kaka yake wa damu, auawe, lakini anaagiza asiguswe mama yao akiwa hai. Mwambie mdogo wako aitafakari subira hiyo. Mtu anayeamini kweli kwamba anaitetea familia hangoji mama azikwe kwanza.

Mstaafu wa Kariakoo:
Mwanangu wa Tandika, pole kwa msiba wa wazazi na hongera kwa malezi. Sisi tuliokuwa vijana enzi za sinema za Avalon na Odeon tulilipata somo hili katika filamu ya Kihindi, Deewaar ya 1975. Baba, kiongozi wa wafanyakazi, anatia saini mkataba wa kuwasaliti wenzake kwa sababu mkewe na wanawe wametekwa. Amewaokoa, lakini mwanawe Vijay anachanjwa mkononi maneno ya kwamba baba yake ni mwizi. Vijay, ambaye ni Amitabh Bachchan, anakua akawa mtu wa magendo na kumnunulia mama jumba. Mdogo wake Ravi ni polisi. Mama anapojua fedha zilikotoka, analiacha jumba na kwenda kuishi na yule mwenye mshahara mdogo. Waliosema mchuma janga hula na wa kwao walimwona mama wa namna hiyo, ambaye analishwa janga asilolichuma. Huyu alikataa kula, ingawa mwishowe Vijay anakuja kufia mikononi mwake.

Msomaji wa Historia:
Naomba kuongeza jambo moja kuhusu neno lenyewe. Katika Mafia ya New York, familia ni jina la genge. Zile familia tano zilizopangwa mwaka 1931 zilikusanya watu ambao wengi wao hawakuwa na udugu wowote, na aliyeapishwa alidungwa kidole kitoke damu, akashika picha ya mtakatifu ikiungua kiganjani, huku akifundishwa kwamba kundi linatangulia mbele ya mke na watoto. Kwa hiyo neno tunalolisikia kama ukoo, kwao lilikuwa na maana inayoweza kuukana ukoo.

Tommaso Buscetta, mtu wa Mafia ya Palermo huko Italia, aliishi ndani ya kiapo hicho. Mwaka 1982 wanawe wawili walitoweka na kaka yake akauawa, katika vita vya Mafia wao kwa wao. Mwaka 1984 akaanza kumweleza hakimu Giovanni Falcone siri za kundi, na kesi kubwa iliyofuata Palermo, kuanzia 1986 hadi 1987, iliwatia hatiani watu zaidi ya 300. Falcone naye aliuawa kwa bomu Mei 1992, pamoja na mkewe na walinzi watatu.

Mkazi wa Tandika:
Nawashukuru sana, hasa dada wa Upanga na mzee wangu wa Kariakoo, shikamoo. Jana usiku tuliitazama sehemu ya pili hadi Fredo alipopelekwa ziwani kuvua samaki. Mdogo wangu hakusema neno. Leo asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu, aliniuliza kama mama yetu angekuwa hai ningemwamulia vipi iwapo yeye mdogo wangu ndiye angenisaliti, na tumekubaliana kulizungumza akirudi kutoka shuleni.