Kikundi: Watoto wa Bibi, Kibokoni, Mombasa

Salim: Asalaam aleykum jamaa. Nimefika Singapuri salama. Kwenu saa tano asubuhi, huku saa kumi jioni.

Mama: Waaleykum salaam mwanangu. Umekula?

Salim: Ndiyo hadithi yenyewe. Nilikwenda Kampong Glam, mtaa wa Waislamu. Nikajua huku kila mlango halali. Nikaingia kimkahawa Haji Lane, nikaketi vizuri. Kufunua ukurasa wa pili: bia!

Rukia: Haji Lane na bia 😂😂

Ami: Jina la mtaa si cheti. Ulitazama cheti cha MUIS, baraza lao la Kiislamu?

Salim: Nimefunzwa na muuza marashi baadaye. Kuna wenye cheti ukutani, na kuna Waislamu ambao hawakuomba. Hao wawauliza.

Mama: Nimeuliza umekula?

Salim: Nimekula Zam Zam, mkabala na Msikiti wa Sultan. Wapika tangu 1908. Murtabak 📷

Shangazi: Kwani huo si mkate wa mayai?

Salim: Ndugu yake kabisa! Jamaa alirusha donge la unga hewani mpaka chapati ikawa waona meza chini yake. Akatia nyama, yai, kitunguu, akakunja pembe nne, chwaaa kwenye bamba. Yaja na mchuzi, na tango lililomwagiwa tomato.

Shangazi: Tomato juu ya tango? Astaghfirullah.

Ami: Huko mji ulipopangwa 1822 walitengewa Sultani Hussein wa Johor na watu wake, na Waarabu pia. Wahadhrami, kama babu yenu. Akina Aljunied, Alsagoff. Wengine walishika njia ya Lamu, wengine ya huko.

Salim: Ndiyo maana nahisi niko Mji wa Kale, Ami. Duka chini, makao juu, mbele kijia chenye kivuli. Ila ni cha kupita, hakuna baraza ya kukaa.

Rukia: Na ule ukanda mweusi chini ya kuba la Msikiti wa Sultan?

Salim: Vitako vya chupa! Msikiti ulimalizika 1932, na maskini nao walichangia chupa ili wawe na sehemu yao.

Shangazi: Mashaallah. Hilo limenigusa.

Mama: Salim, yai walitia mangapi?

Salim: Sikuhesabu Mama.

Mama: Basi kesho rudi uhesabu.