Tupeane uzoefu: umeunda kompyuta upya, umeiwasha, na diski yako ya zamani haionekani

Mkazi wa Makulu
Wakuu, salaam. Ninaandika huku kompyuta ikiwa imelazwa ubavu mezani na mfuniko wake ukiwa chini ya kitanda. Baada ya miaka tisa ya kutumia mashine ileile, nilinunua ubao mama mpya, prosesa, RAM na SSD ndogo ya M.2 (ile diski bapa isiyozunguka, inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama) ya kuwekea Windows, kisha nikahamishia humo diski yangu ya terabaiti 2 yenye picha za watoto tangu walipozaliwa pamoja na hesabu zote za duka. Windows imeingia bila shida, lakini diski ya zamani haimo. Nimeingia hadi kwenye BIOS, ule mpangilio wa ubao mama unaofunguka kabla ya Windows, na huko pia haimo, ingawa nikiiwekea kiganja nahisi kabisa kwamba inazunguka. Naomba waliowahi kufikwa na jambo hili watueleze lilivyowakuta, maana usiku huu sioni usingizi.

Binti wa Sabasaba
Pole sana, kaka. Mimi nilihangaika siku mbili nikiwa chuoni, kumbe nilikuwa nimechomeka waya wa data na kuusahau ule wa umeme. Mpaka leo naona haya kulisema.

Fundi Kariakoo
Ndugu wa Makulu, umefanya vyema kuanzia kwenye BIOS, maana wengi hawafiki huko. Swali ninalowauliza wateja kabla sijashika bisibisi ni hilo hilo: BIOS inaiona? Ikiwa inaiona lakini Windows haiioni, chuma kwa kawaida ni kizima na tatizo liko kwenye mpangilio. Pengine diski imekosa herufi yake, kama D: au E:, au iliundwa kwa mfumo ambao mashine mpya inauhesabu kuwa mgeni anayesubiri kukaribishwa. Ikiwa hata BIOS haiioni, iache Windows ipumzike, kwa sababu hapo unashughulika na umeme, waya au tundu. Wewe uko kundi hilo la pili. Badili waya wa data kwanza, kwani ukikunjwa sana hukatika ndani ilhali nje unang'aa kama mpya. Halafu utuambie umechomeka tundu la ngapi kwenye ubao mama.

Mwalimu wa Kemia
Fundi amenikumbusha kidonda changu. Nilikuwa na diski ya nje ya terabaiti 3 yenye mitihani, maksi na maandalio ya masomo ya miaka sita. Nilipounda kompyuta mpya nikaona hakuna haja ya kuwa na boksi linaloning'inia mezani, basi nikalipasua, nikaitoa diski na kuifunga ndani ya kasha. BIOS iliiona vizuri, lakini Windows ikaniambia kwamba diski hiyo inahitaji kufomatiwa, yaani kupangwa upya kama tupu, kabla ya kutumika. Nami, kwa kuamini kwamba Windows inajua kuliko mimi, nikabonyeza ndiyo.

Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba baadhi ya maboksi ya nje huipanga diski kwa sekta, yaani vipande vya kuhifadhia, za baiti 4096, wakati diski hiyo hiyo ikichomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama husomwa kwa sekta za baiti 512. Jedwali la mgawanyo, ile orodha ya sehemu za diski zinapoanzia na kuishia, likisomwa kwa kipimo tofauti halieleweki, na diski iliyojaa huonekana kama tupu. Ningeirudisha tu kwenye boksi lake, kila kitu kingekuwepo. Programu ya kufufua faili ilinirudishia nyingi, lakini zikiwa zimepoteza majina na kubaki na namba tupu, hivyo nilitumia likizo nzima ya Desemba nikifungua faili moja baada ya nyingine ili nijue ipi ni maksi za kidato cha pili na ipi ni risiti ya maji.

Mzee wa Kibokoni
Mwalimu, pole. Sisi hapa Mombasa tumeonja shubiri hiyo hiyo ya kupasua maboksi, ila yangu haikuzunguka kabisa. Ukiichomeka kwenye kompyuta inakuwa kama jiwe, ukiirudisha kwenye boksi inafufuka. Mpwa wangu ndiye aliyegundua sababu: katika diski mpya kiasi, pini ya tatu ya umeme, ambayo zamani ilikuwa ya volti 3.3, siku hizi hutumika kuizima diski kwa amri. Pawa saplai ya zamani, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, hupeleka umeme kwenye pini hiyo muda wote, na diski huelewa kwamba imeamriwa ilale. Tulikata kipande chembamba cha utepe unaostahimili joto, tukaifunika pini hiyo, na diski ikaamka.

Mjuaji wa Ukweni
Utepe wa nini, Mzee? Nunua kiunganishi cha kutoa umeme kwenye ile plagi ya zamani yenye pini nne kubwa, ambayo haina volti 3.3 kabisa, na mambo yanaisha.

Fundi Kariakoo
Ndugu Mjuaji, kwa nadharia umesema kweli, lakini viunganishi vingi vya aina hiyo vya bei nafuu, hasa vile ambavyo nyaya zake zimezamishwa katika plastiki, hupata shoti na kuungua. Nimevikata vingi mezani pangu vikiwa vimegeuka mkaa. Utepe ni salama zaidi.

Mjuaji wa Ukweni
Nimekitumia miaka mitatu bila tatizo lolote. Mafundi mnapenda kututisha ili tuje mezani kwenu.

Mpiga Picha Tanga
Mnagombana kwa ajili ya kiunganishi wakati mimi niliunguza diski mbili kwa sekunde moja, na sikutumia kiunganishi chochote.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi. Niliunda upya mashine ya kuhariria na kuiwekea pawa saplai kubwa zaidi, ile ambayo nyaya zake huchomoka. Nyaya za pawa saplai ya zamani nilikuwa nimezilaza vizuri nyuma ya kasha, zimefungwa kwa vibanio, zinapendeza. Nikaona nitakuwa mjinga kuzing'oa. Plagi zilikuwa na umbo lile lile na ziliingia bila kulazimishwa, basi nikazichomeka kwenye pawa saplai mpya na kuwasha.

Kompyuta iliwaka. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Diski zote mbili zilitoweka, na sikuziona tena kwenye BIOS wala kokote. Sikujua kwamba upande wa diski plagi hufuata kipimo kimoja kwa watengenezaji wote, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na wakati mwingine hata aina mbili za mtengenezaji mmoja hazilingani. Volti 12 zilipita mahali ambapo diski ilitarajia volti 5.

Humo mlikuwa na harusi tatu za mwezi ule, ambazo zilikuwa bado hazijakabidhiwa.

Binti wa Sabasaba
Ee Mola! Maharusi walisemaje?

Mtunza Nakala
Samahani kwa ukali, lakini mtu anayelipwa kwa kazi kama hiyo bila kuwa na nakala ya akiba hastahili kuhurumiwa.

Mpiga Picha Tanga
Ndugu Mtunza Nakala, soma vizuri kabla ya kuhukumu. Nimesema diski mbili. Ya pili ndiyo ilikuwa nakala ya ya kwanza, na zote zilikuwa ndani ya kasha moja, zikinywa umeme kutoka waya mmoja.

Fundi mmoja niliyempelekea alinionyesha kwamba kwenye bodi ya saketi ya ile ya nakala kuna kijidayodi kinachojitoa mhanga umeme unapozidi. Kilikuwa kimekufa kikiwa kimeunganisha njia ya umeme na ardhi, hivyo diski haikuweza kuwaka. Alikiondoa, akaipa umeme sahihi, nayo ikazunguka kwa muda wa kutosha kunakili kila kilichokuwemo. Bahati mbaya nilikuwa sijainakilia chochote tangu mwezi uliotangulia. Kwa ile ya kwanza alitafuta diski pacha, akabadili bodi na kuhamisha ile chipu ndogo yenye vipimo maalumu vya diski husika, lakini umeme ulikuwa umefika mpaka kwenye vichwa vya kusomea. Haikufufuka.

Maharusi wawili nilikusanya video za simu za wageni wao, nikaziunganisha na kurudisha fedha. Wa tatu, shangazi wa bibi harusi alikuja dukani, akakaa kitini kuanzia saa tatu hadi adhuhuri bila kusema neno. Ningependelea anitukane.

Binti wa Sabasaba
Huyo shangazi nimemwogopa nikiwa huku Dar.

Mjuaji wa Ukweni
Hiyo ya kwanza ungeifunga kwenye mfuko na kuiweka kwenye friza usiku mmoja. Rafiki yangu ilimsaidia.

Fundi Kariakoo
Tafadhali asiwepo atakayefanya hivyo. Ukiitoa kwenye baridi, unyevu hutanda juu ya zile sahani za ndani zinazohifadhi data, na vichwa vinavyoelea kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele vitakwaruza kila kitu. Tena iliyoungua bodi, baridi ingeisaidia nini?

Mjuaji wa Ukweni
Nimesema ilimsaidia rafiki yangu. Sikusema ni sheria.

Mtumia Mpakato
Yangu ni fupi: kompyuta mpakato yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11, na SSD haikuonekana wakati wa kusimika Windows. Niliingia BIOS, nikazima kipengele kinachoitwa VMD, ambacho huzisimamia SSD kupitia prosesa, ikaonekana. Ila fanyeni hivyo kabla ya kusimika. Mkizima baadaye, Windows iliyokwisha kusimikwa inaweza kukataa kuwaka.

Fundi Kariakoo
Ndugu wa Makulu, harusi zimetuchukua. Nilikuuliza tundu la ngapi.

Mkazi wa Makulu
Wakuu, niwieni radhi, nilikuwa nasoma habari za shangazi nikasahau yangu. Nilikuwa nimechomeka tundu la 5. Nimekitoa kijitabu cha ubao mama kwenye pipa la taka, na kwa herufi ndogo kabisa kimeandika kwamba M.2 ikikaliwa, matundu ya 5 na 6 hufungwa kwa sababu yanatumia njia moja nayo. Nimehamishia tundu la 2, na diski imetokea mara moja, picha zote zipo, hesabu zipo. Hivi sasa nanakili kila kitu kwenye diski niliyoazima kwa jirani, zimebaki saa nne, nami namwomba Mungu umeme usikatike.

Mpiga Picha Tanga
Hongera sana. Hiyo ya jirani umeiweka wapi?

Mkazi wa Makulu
Juu ya ile ya kwanza. Ndani ya kasha.