Kondoo wa chuma mita 200 kwa bastola: mchezo huu ulianzaje?

Swali
Wakuu, haya mashindano ya bastola ya masafa marefu chimbuko lake ni wapi? Mbona shabaha ni wanyama, na kwa nini wengine wanapiga wamelala chali? Halafu risasi ya .357 Magnum inampata kondoo vizuri tu, ila haanguki. Tatizo nini?

Mtutu Mrefu
Chimbuko ni Mexico, na walianza na bunduki, siyo bastola. Mwaka 1948 shindano la wanyama wa chuma lilifanyika Mexico City. Miaka ya 1960 mchezo ukavuka mpaka kuingia Arizona. Upande wa bastola, Wamarekani walikutana Tucson mwaka 1975, na 1976 ikaundwa IHMSA, chama cha kimataifa cha mchezo huu wa bastola. Wanyama hawakubadilika, umbali ndio uliopunguzwa: kuku mita 50, nguruwe 100, bata mzinga 150, kondoo 200. Kwa bunduki kondoo yuko mita 500. Usimdharau bata mzinga: mwili mfupi juu ya miguu myembamba, risasi ikishuka kidogo tu inapita pembeni ya mguu.

Grain 240
Kuhusu .357: kumpata kondoo hakutoshi, lazima aanguke. Ana takriban kilo 25. Akigeuka upande akabaki amesimama, umekosa. Kinachomwangusha ni uzito wa risasi mara kasi iliyobaki ikifika kule. Risasi ya grain 158 ni gramu 10 hivi, na kufika mita 200 imeshachoka. Ukimpiga tumboni au miguuni anatikisika tu. Lenga juu, karibu na mgongo. Ndiyo maana watu walihamia .44 Magnum ya grain 240, au bastola ya Contender inayopakia risasi moja moja, yenye risasi ya 7mm TCU.

Kampuni ya silaha ya Ruger ilijaribu kuziba pengo hilo kwa rivolva ya .357 Maximum, miaka ya 1980. Wengine wakaipakia risasi nyepesi za grain 110 na 125, na moto wa baruti ukaanza kula chuma juu ya silinda. Uzalishaji ukasimamishwa. Inasikitisha, maana kwa risasi nzito za grain 180 kwenda juu ilifaa sana mchezo huu.

Mtutu Mrefu
Mlalo wa chali unaitwa Creedmoor, jina la uwanja wa bunduki wa Long Island, New York, uliofunguliwa 1873. Miguu inaelekea shabaha, goti limekunjwa, bastola inaegemea ubavu wa mguu, mkono wa pili unashikilia kichwa. Mdomo wa mtutu lazima uwe mbele ya mguu. Kwa rivolva vaa ngozi nene mguuni: upenyo kati ya silinda na mtutu hutema gesi ya moto na chembe za risasi, inachana suruali mpaka nyama.

Una sekunde 30 za kupakia, kisha dakika 2 kwa risasi 5, kushoto kwenda kulia, kila mnyama risasi yake. Ukikosa wa pili, nenda wa tatu; ukimrudia, hata akianguka hahesabiwi. Andika mibofyo ya kilengeo kwa kila umbali, na uirekebishe kabla ya amri ya kupiga. Ukisahau kuipandisha kutoka 150 kwenda 200, risasi zote 5 zitachimba vumbi mbele ya kondoo.