Fundi wa kuchomelea asiye na cheti ataingiaje kwenye ajira rasmi?

Swali
Wadau, fundi aliyejifunzia kazi karakana ya mtaani anajua mageti, matanki na vyuma vya paa. Matangazo yote yanadai cheti na barua ya mwajiri. Hana kimoja, na malipo yote kapokea taslimu. Aanzie wapi bila kukaa chuo miaka miwili?

Jibu 1
Aulize mamlaka ya mafunzo ya ufundi kuhusu utambuzi wa ujuzi uliopatikana kazini. Pendekezo Na. 204 la Shirika la Kazi Duniani (ILO), la mwaka 2015, linahimiza hilo, na nchi nyingi zina utaratibu wake. Hujaza fomu, huwasilisha ushahidi, huhojiwa kwa mdomo, kisha hufanya kazi mbele ya mtahini. Akipungukiwa, husoma sehemu aliyokosa tu.

Wengi hukwama kwenye ushahidi. Picha ya geti lililokwisha kupakwa rangi haionyeshi nani kalichomelea. Apigwe picha akiwa kazini: anakata, anashikiza, anachomelea. Kila kazi aiandikie tarehe, unene wa chuma na aina ya elektrodi (vijiti vya kuchomelea), na mteja atie saini.

Jibu 2
Sawa, ila kwenye viwanda na mabomba kinachoangaliwa zaidi ni jaribio la mchomeleaji, mfano la kiwango cha kimataifa cha ISO 9606-1. Hilo hupima mkono, halijali ulisoma wapi. Aanze na bamba lililosimama wima (3G). Bomba lililoinamishwa nyuzi 45 (6G) lisubiri.

Mafundi wa mtaani huangukia kwenye mzizi wa mshono. Wamezoea kujaza juu na kulainisha kwa grainda, chini chuma hakijashikana. Sampuli ikipindwa inapasuka. Tatizo jingine ni elektrodi za aina ya E7018 zilizoachwa wazi. Zikinyonya unyevu, mshono unatoa vitundu na unaweza kupasuka baadaye. Pakiti ikifunguliwa, zikae kwenye oveni ya nyuzi 120 hadi 150 za Selsiasi.

Cheti cha jaribio hilo lazima kithibitishwe kila miezi 6 kwamba mwenyewe bado anachomelea. Asilipie jaribio kabla hajaona kazi inayokihitaji.

Muuliza swali
Asanteni sana. Na barua ya mwajiri?

Jibu 3
Mwenye karakana anaweza kuiandika. Itaje kazi zenyewe, tarehe za kuanza na kumaliza, na namba yake ya simu. Sifa za "mchapakazi, mwaminifu" hazimsaidii mwajiri kuhakiki chochote.

Akipata kibarua kiwandani kupitia wakala, adai mkataba wa maandishi, hati ya mshahara na michango ya hifadhi ya jamii tangu mwezi wa kwanza. Bila michango wala likizo ya malipo, kwa vigezo vya ILO ajira hiyo bado si rasmi, hata kampuni iwe kubwa namna gani, na akitoka hapo atakuwa hana karatasi ya kumwonyesha mwajiri mwingine.